Elimu ya Afya Mlangoni: Mama na Mtoto katika Nyacheki

Nyacheki ni mji mdogo wa soko katika Bobasi, kaunti ya Kisii, si mbali na mpaka wa Transmara. Vilima vyake vya udongo mwekundu vimekatwakatwa kuwa vipande vyembamba vya majani chai, ndizi, mahindi na wimbi, na boma moja haliishi kabla jingine halijaanza. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika kaunti jirani ya Nyamira. Kisii peke yake ina zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba. Kwa afya ya mama na mtoto, msongamano huo una sura mbili. Shamba limekuwa dogo hata halimlishi kila anayelitegemea, lakini mtu mmoja anaweza kupita nyumba kadhaa kwa miguu asubuhi moja, jambo lisilo rahisi Turkana wala Garissa, ambako maboma yametawanyika. Huduma inayomfuata mwananchi nyumbani ingetarajiwa kustawi hapa kuliko sehemu nyingi za nchi. Imestawi kwa kiasi, na pale ilipokwama sababu mara nyingi haikuwa ukosefu wa habari.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko mipango ya sasa ya serikali. Katika miaka ya 1970 Dkt. Miriam Were alifanya kazi na wanavijiji wa Kakamega waliojichagulia wenzao wa kufundishwa kuzuia maradhi ya kawaida. Mwaka 2008 Japani ilipotoa Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi kwa mara ya kwanza, yeye alikuwa mmoja wa waliotunukiwa. Huko Saradidi, Asembo, mradi ulioongozwa na Dkt. Dan Kaseje uliwaweka wanavijiji kuwagawia majirani dawa ya malaria. Azimio la Alma-Ata la 1978 liliipa kazi ya aina hii hadhi ya kimataifa. Kenya hata hivyo ilichukua karibu miaka thelathini kuifanya sera ya nchi nzima, kupitia Mkakati wa Afya ya Jamii wa 2006, ulioitambua nyumba na kijiji kuwa ngazi ya kwanza ya huduma za afya, chini ya zahanati.

Hesabu za mkakati huo zinafaa kutazamwa kwa makini. Kitengo kimoja cha afya ya jamii kilikusudiwa kuhudumia watu wapatao 5,000. Mwanzoni kila mhudumu wa kujitolea alipewa nyumba ishirini hivi. Baadaye idadi ya wahudumu ikapunguzwa hadi kumi kwa kitengo, na mzigo ukapanda kuwa nyumba mia moja. Nyumba ishirini mtu huzimudu baada ya kutoka shambani. Nyumba mia moja ni kazi kamili, na kwa miaka mingi ilifanywa bila mshahara na wanawake wenye mashamba na watoto wao wenyewe. Tarehe 25 Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua kundi la wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini, kila mmoja akiwa na mkoba wa vifaa na simu, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi ambayo serikali kuu na kaunti zilikubaliana kugharamia nusu kwa nusu. Mwezi uliofuata, Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ya 2023 ikaipa kazi hiyo msingi wa kisheria.

Mkobani mna mizani, kipimajoto, mashini ya kupima presha na sukari, na utepe wa kuzungushwa kwenye mkono wa mtoto ili kujua kama ana utapiamlo. Utepe huo ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, na huenda ndio wenye manufaa makubwa zaidi: mama asiyejua kusoma huona mwenyewe rangi nyekundu ikitokea, na hahitaji kubishana na mtu. Mhamasishaji huandikisha kila nyumba, huuliza nani ana mimba, nani amejifungua, mtoto yupi amekosa chanjo, choo kiko wapi, maji ya kunywa yanachemshwa au la. Anayehitaji huduma huandikiwa barua ya rufaa kwenda zahanati au hospitali ya kaunti ndogo. Mara kwa mara huitishwa siku ya afya, kanisani, shuleni au uwanja wa soko, ambapo wauguzi huja na chanjo, vipimo na dawa za minyoo.

Kuhusu uzazi, uchambuzi unaotumika sana ni ule wa Sereen Thaddeus na Deborah Maine, uliochapishwa 1994. Wao waligawanya kucheleweshwa kwa mjamzito aliye hatarini katika sehemu tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Elimu ya nyumbani hugusa sehemu ya kwanza moja kwa moja, ya pili kidogo, na ya tatu karibu haigusi kabisa.

Uamuzi wa kwanza huanza miezi mingi kabla ya uchungu. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 limependekeza mjamzito aonane na mhudumu mara nane, mara ya kwanza kabla ya wiki ya kumi na mbili kupita. Katika Gusii, yaani Kisii na Nyamira, mimba changa kwa desturi haitangazwi; huachwa ijionyeshe yenyewe, na hofu ya jicho la mwenye wivu ni sehemu ya sababu. Mama anayefika kliniki mwezi wa sita anakuwa amekosa vidonge vya madini ya chuma wakati alipovihitaji, na presha yake ya awali haijulikani na mtu. Mhamasishaji anayekaa kijiji hichohicho ana nafasi ambayo muuguzi hana, ya kugundua mapema. Ana tatizo pia, kwani yeye ni jirani, na jirani ndiye hasa anayefichwa.

Dalili za hatari zenyewe si nyingi na hufundishika: kutokwa damu, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, miguu na uso kuvimba, degedege la kifafa cha mimba, chupa kupasuka bila uchungu kufuata, mtoto kuacha kucheza tumboni. Linalotakiwa zaidi ni mpango: hospitali ipi, bodaboda ya nani, namba gani ya kupigwa saa nane za usiku, nani atabaki na watoto, pesa ziko wapi. Barabara za ndani huteleza mvua ikinyesha, na mvua Kisii hainyeshi msimu mmoja. Familia iliyopatana na mwendesha bodaboda mapema imefanya jambo kubwa kuliko familia inayoweza kutaja dalili zote kwa ufasaha.

Hata hivyo takwimu za nchi zinaonya dhidi ya kuipa elimu sifa isiyo yake. Katika utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2008–09, asilimia 43 tu ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Utafiti wa 2014 ulipata asilimia 61, na wa 2022 asilimia 82. Katikati ya vipindi hivyo, tarehe 1 Juni 2013, ada ya kujifungua katika hospitali za umma iliondolewa, na baadaye mpango ukajulikana kama Linda Mama. Wakunga wa jadi waliokuwa wakilaumiwa kwa ujinga wa kina mama walipoteza wateja kwa kasi mara tu bei ilipobadilika. Mafunzo ya miaka mingi yalikuwa yameandaa njia, lakini mlango ulifunguliwa na pesa.

Kwa mtoto, orodha ya maradhi yanayoua ni fupi: matatizo ya siku za kwanza baada ya kuzaliwa, nimonia, kuhara, malaria, na utapiamlo unaoyapa mengine nguvu. Mwaka 2022 Kenya ilikadiriwa kupoteza watoto 41 kwa kila 1,000 kabla hawajafika miaka mitano, na nusu ya hao, 21, walifariki katika mwezi wa kwanza. Ndiyo maana ziara ya siku mbili tatu za kwanza baada ya kujifungua ina uzito kuliko nyingine zote: kitovu kiachwe kikavu na safi, mtoto akae kifuani mwa mama apate joto, anyonye maziwa ya kwanza ya manjano yasitupwe. Kuhara kunatibika nyumbani kwa maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na vidonge vya zinki. Nimonia haisubiri, mtoto anayepumua haraka huku kifua kikibonyea hupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Malaria ya Kisii ina tabia yake. Nyanda hizi ziko juu, na zamani mbu waliachwa kwa watu wa ziwani. Katika miaka ya 1990 ugonjwa ulipanda kwa milipuko iliyojaza wodi, ukiwapata watu wazima na watoto wasio na kinga ya kutosha. Kwa sababu ugonjwa huja kwa milipuko, chandarua hapa hakitumiki kwa mazoea kama kule ziwani Siaya. Malaria ikipungua, chandarua hurudi kabatini au hufunika miche ya mboga.

Katika lishe, elimu ya afya imeidharau hazina iliyo mlangoni. Chinsaga, mboga inayoitwa saga au sageti kwingineko, na rinagu, yaani managu, kwa desturi hupikiwa mama aliyetoka kujifungua ili kurudisha damu, na wataalamu wa lishe wanakubaliana na bibi waliolianzisha jambo hilo. Wimbi limejaa madini ya chokaa. Lakini mabango ya lishe huonyesha mara nyingi vyakula vya dukani, na mama anatoka mkutanoni akiamini kuwa mlo bora ni wa mwenye pesa. Kiwango cha udumavu nchini kilishuka kutoka asilimia 26 mwaka 2014 hadi 18 mwaka 2022. Kinachobaki katika maeneo ya chai kinahusiana sana na muda: mama huchuma chai tangu alfajiri, mtoto wa miezi minne anabaki na dada yake wa miaka minane, na ushauri wa kunyonyesha bila kuchanganya chakula kingine unagonga ukuta saa mbili asubuhi. Mashamba madogo ya chai si kiwanda. Hakuna likizo ya uzazi. Suluhisho linalowezekana, kukamua maziwa na kuyaacha kwenye kikombe safi, hufundishwa kwa nadra kwa sababu mwalimu huona haya na mwanafunzi pia.

Haya hiyo ina jina na kanuni. Robert LeVine na Sarah LeVine, wanaanthropolojia waliokaa Gusii kwa nyakati tofauti kati ya miaka ya 1950 na 1970, walieleza kwa kirefu desturi ya chinsoni: heshima ya kuepukana baina ya vizazi viwili vinavyofuatana. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mama mkwe na mkwe hawazungumzi mambo ya mwili. Kinyume chake, nyanya na mjukuu hutaniana watakavyo, na nyanya kwa desturi ndiye aliyemfunza msichana. Mwongozo wa mafunzo ulioandikwa Nairobi unaomtaka mhamasishaji awakutanishe wanafamilia wote wazungumze uzazi wa mpango kwa pamoja haujui unachoomba. Watakusanyika kwa adabu, watatikisa vichwa, watanyamaza.

Mafunzo yaliyofaa katika mazingira haya hugawanya wasikilizaji kwa kizazi na jinsia, kisha huhakikisha kila kundi limesikia jambo lilelile. Wake wachanga hukutana katika chama chao cha kuchangiana. Kina mama wakubwa, ambao ndio huamua kama mkwe ataenda hospitali leo au atasubiri kesho, hupatikana katika vikundi vya kanisa, Waadventista Jumamosi na Wakatoliki Jumapili. Waume ni wagumu zaidi, kwani siku ya kliniki huwa kazini au Nairobi. Hupatikana barazani kwa chifu, kwenye kituo cha bodaboda, na kwenye mikutano ya wakulima wa chai. Mume ndiye mara nyingi mwenye nauli. Kumfundisha mke peke yake ni kumpa ujuzi usio na mkoba.

Abagusii, yaani Wakisii, wana historia ndefu ya vikundi vya kulimiana kwa zamu, egesangio na risaga, na hapo ushahidi wa mbali unakutana na desturi ya karibu. Uchambuzi uliochapishwa 2013 katika jarida la Lancet uliunganisha majaribio saba ya Nepal, India, Bangladesh na Malawi, ambako wanawake walikutana mara kwa mara, wakataja wenyewe matatizo ya uzazi, wakachagua la kufanya na kupima matokeo. Vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa asilimia 23. Pale ambapo angalau asilimia 30 ya wajawazito walihudhuria, vilipungua kwa asilimia 33. Chini ya kiwango hicho faida ilififia. Kwa kitengo cha Nyacheki maana yake ni rahisi kupimwa: ni wajawazito wangapi kati ya waliopo wamo ndani ya kikundi, na wale wasio na chama, maskini kuliko wote na wasichana walioolewa juzi, wako wapi.

Ukeketaji ndio mtihani mkubwa wa elimu ya afya katika Kisii na Nyamira, na matokeo yake yanasumbua. Kwa miaka mingi wasichana walifunzwa na wazazi walielezwa madhara: damu, pepopunda, vidonda, matatizo ya kujifungua. Wazazi walisikiliza. Kisha wengi wakampeleka binti kwa muuguzi, au wakamwita mhudumu wa afya nyumbani usiku wakati wa likizo ya Novemba na Desemba, aje na ganzi na wembe mpya. Utafiti wa Carolyne Njue na Ian Askew wa 2004 ulieleza jinsi kazi ya mkeketaji wa jadi ilivyohamia mikononi mwa watu wa afya. Ujumbe ulikuwa umesema kuwa hatari iko kwenye uchafu na damu, na familia ikaondoa uchafu na damu. Haikuwa imeshawishika kuhusu kitendo chenyewe, kwa kuwa sababu yake haikuwa ya kiafya: ilikuwa hadhi, ndoa, na woga wa binti kuitwa msichana asiyekua.

Kulikuwa pia na kasoro ndani ya ujumbe. Picha nyingi za kampeni zilihusu ukeketaji wa kushonwa, unaofanywa kaskazini mashariki, ilhali wa Gusii kwa kawaida hukata sehemu ndogo. Mwanamke aliyekeketwa akazaa watoto wanane salama, na mama yake vilevile, alipoambiwa kuwa atashindwa kujifungua alihesabu watoto wake akaacha kusikiliza. Madhara yapo, na maumivu na haki ya msichana havihitaji kutiwa chumvi. Kutia chumvi ndiko kulikopunguza imani.

Njia nyingine zimejaribiwa. Sherehe mbadala za kumvusha msichana, zilizoanzishwa Tharaka mwaka 1996 na shirika la Maendeleo ya Wanawake pamoja na shirika la PATH, zililetwa Kisii pia, na kanisa la Waadventista kupitia shirika lake la misaada, ADRA, likashiriki kazi hiyo. Tathmini iliyofuata ilionyesha kuwa sherehe peke yake haibadilishi familia ambayo haijaamua kwanza. Katika Gusii, ambako shamrashamra za tohara ya wasichana zilikuwa zimeshaanza kufa, sherehe mpya ilijaza pengo ambalo wengi hawakulihisi. Sheria ya 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji iliweka kifungo cha miaka mitatu au zaidi, au faini isiyopungua shilingi 200,000, na kwa busara ikafanya kosa pia kumtusi mwanamke kwa sababu hajakeketwa. Kifungu hicho kinagusa mzizi kuliko vingine, lakini nani atamshtaki shangazi yake?

Kiwango kinashuka. Kati ya wanawake Wakisii wa miaka 15 hadi 49, waliokeketwa walikuwa takriban asilimia 96 mwaka 2008–09, 84 mwaka 2014 na 77 mwaka 2022. Takwimu hizo hubadilika polepole kwa sababu aliyekeketwa mwaka 1985 bado anahesabiwa. Mabadiliko kwa mabinti wa leo ni makubwa kuliko namba inavyoonyesha. Shule imechangia, na kijana mwenye kazi mjini asiyeuliza jambo hilo anapoposa amechangia pengine zaidi. Nyanya, ambaye chinsoni inampa uhuru wa kusema na mjukuu, amekuwa mtetezi mkuu wa desturi. Programu zilizomwacha nje kwa kumwona adui zilijinyima mwalimu pekee mwenye ruhusa ya kuzungumza.

Imani huvunjika kwa njia nyingine pia. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa umri wa kuzaa, wakidai ina kitu cha kuzuia mimba. Serikali na Shirika la Afya Duniani wakakanusha. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa kwa wasichana wa miaka kumi mwezi Oktoba 2019, ilipokelewa na minong'ono hiyohiyo. Mhamasishaji aliyefunzwa kujibu kwa kurudia maandishi ya kipeperushi hushindwa. Anayeweza kusema kuwa binti yake mwenyewe amechanjwa husikika.

Mwisho wa mnyororo ni huduma yenyewe. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku mia moja, na mwaka 2017 wauguzi wakagoma karibu miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari walitoka tena kwa siku 56. Katika vipindi hivyo mhamasishaji aliyemshawishi jirani aende hospitali alimpeleka kwenye lango lililofungwa, na lawama ilibaki kijijini kwake. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF. Asiye na mshahara hutakiwa kulipa walau shilingi 300 kwa mwezi, na kwa kawaida mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa mchuma chai wa Bobasi hizo ni shilingi 3,600 zinazotafutwa kabla ya uchungu kuanza, na kazi ya kumwandikisha na kumweleza imeongezwa kwenye orodha ya mhamasishaji.

Mapema 2025 Marekani ilipositisha misaada yake, programu za mama na mtoto, hasa zile zilizoshikamana na huduma za Ukimwi, zilipoteza wafanyakazi waliolipwa na wafadhili, na sehemu ya kazi yao ikabaki mikononi mwa watu wa posho ya shilingi 5,000. Posho hiyo inategemea bajeti mbili kwa pamoja, ya Nairobi na ya kaunti. Mojawapo ikichelewa, nusu ya malipo huchelewa nayo, na ziara za mwezi huo hupungua kuanzia nyumba zilizo mbali.